Mtoto Asiyetumwa

Mtaani kwetu mtoto hahesabiwi kwa umri, anahesabiwa kwa kutumwa. Akiweza kushika noti bila kuipoteza, akarudi na chumvi badala ya pipi, basi keshakuwa mtu. Na akishakuwa mtu, si wa mama yake peke yake tena. Kila mwanamke mwenye sufuria jikoni ana haki ya kutoa kichwa mlangoni na kuita, "We mtoto, hebu njoo," na mtoto ataacha mchezo, ataitika "abee," atakwenda. Hakuna anayeomba ruhusa. Mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyokaa hapa Morogoro nikishona nguo barazani, nimepika kwa miguu ya watoto wa watu, na sikumbuki kumshukuru mzazi hata mmoja.

Binti yangu alikuwa hodari wa kutumwa. Alikuwa na miaka tisa siku ile jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alipomtuma mafuta ya kula. Alikuwa anarudi, chupa mkononi, pikipiki ikamkuta katikati ya barabara. Dereva alisema mtoto alitokea ghafla. Madereva wa bodaboda wa mji huu hawajawahi kukutana na kitu kilichotokea taratibu.

Alilazwa wiki nyingi. Aliporudi nyumbani watu walijaa kutoa pole na kumshukuru Mungu. Walimtazama: anatembea, anaongea, kovu limefichwa na ushungi. Wakasema amepona. Wakala wali, wakaniachia sahani za kuosha, wakaondoka.

Aliyebaki naye ni mimi. Asubuhi alivaa kiatu kimoja, akaona sisimizi ukutani, na cha pili kikasahaulika mpaka jioni. Alijipaka sabuni mwili mzima akatoka bafuni na povu lake, anang'aa, amesahau kwamba kuoga kuna sehemu ya pili. Nikimwambia alete mwiko, alikwenda mpaka jikoni akasimama pale, kama mtu aliyeingia ofisi ya serikali akasahau shida iliyompeleka. Adabu haikupotea, ila ilizidi kipimo. Alikuwa anamwamkia mtu mmoja shikamoo mara tatu, na mtu huyo anaitika marahaba mara tatu, ya tatu akiwa ananitazama mimi.

Mtaa ukaacha kumtuma. Hakuna aliyetangaza, ila niliona. Vichwa vilitoka milangoni kama kawaida, macho yakampita binti yangu aliyesimama getini, yakatua kwa mtoto mwingine. Kama hapakuwa na mtoto mwingine, mwanamke alijitanda khanga akaenda dukani mwenyewe, akipita pale kwetu kwa upole mkubwa. "Hujambo malaika wangu?" Kumbe malaika hawatumwi siku hizi.

Lakini kilichonitisha zaidi ni jirani yule. Yeye ni Msukuma, mumewe alifanya kazi mashamba ya miwa huko Kilombero mpaka alipostaafu, wakajenga hapa. Mimi ni Mluguru. Sisi ni watani. Tangu waweke tofali la kwanza alikuwa ananiambia Waluguru wote tuna mguu mmoja mfupi kwa kulima mteremkoni, na mimi nikimwambia kwao mtu anamwamkia ng'ombe kwanza, mume baadaye. Hapakupita siku bila matusi ya namna hiyo, na wageni walidhani tuna kesi. Baada ya ajali alikuja hospitali kila asubuhi na chupa ya uji. Alikuwa ananiita "dada" kwa sauti ya chini. Hakunitania tena. Hata msibani mtani hutania, ndiyo kazi yake. Mtani akinyamaza, jua jambo limezidi msiba.

Hakuna aliyemlaumu. Nani amlaumu, wakati sote tunatuma? Nilimwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa, akatazama pembeni.

Hospitali walitupeleka kwa daktari wa watoto, kijana mpole. Alinieleza kwamba ajali iliumiza ile sehemu ya ubongo inayoshika jambo moja na kulifikisha mwisho. Akasema kuna dawa ambayo huwasaidia baadhi ya watoto wa namna hii, si wote. Inauchangamsha ubongo ili mtoto atulie. "Tujaribu, tuangalie," alisema, kisha akarudia. Nilimpenda. Daktari anayekiri kwamba hajui mwisho wa jambo ni nadra, na nadhani ndiyo maana hajapandishwa cheo.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo cheupe cha kunywa asubuhi baada ya kula. Ilifungiwa kabati la peke yake, na dada wa dirisha la dawa alinitolea huku akinikagua kana kwamba nikitoka hapo naenda kuiuza kijiweni.

Kabla mtoto hajameza hata kimoja, ukoo ulikaa kikao. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo kaka yangu alikalia kiti chenye mto na mume wangu akakalia stuli pembeni akinywa chai, mgeni mwalikwa katika kesi ya mtoto wake. Kaka alikuwa amejiandaa. Alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwenye kundi moja la simu, ambako mtu asiyejulikana alieleza kwa ukali madhara ya dawa zote duniani.

"Dawa ya kuchangamsha," kaka alisema, "ili atulie. Hebu nielewesheni. Yaani mnampa mtoto kahawa ili alale?"

"Daktari amesema..."

"Daktari ana watoto?"

Sikujua kama daktari ana watoto, na hoja yangu ikafia hapo. Mama mkubwa akasema hizo ndizo dawa za kulevya, yeye amewaona vijana wenye akili walivyoishia nazo. Shangazi akashauri asali na habasoda. Mwingine alimfahamu mtaalamu huko njia ya Gairo anayesoma kichwa kwa kukishika tu. Kila mtu alikuja na tiba yake, na hakuna aliyeuliza mtoto anaogaje. Mwishowe kaka akatoa hukumu kwamba dawa itumike, lakini kwa uangalizi wa ukoo. Ukoo uliangalia kwa simu siku chache, kisha ukapata harusi ya kuangalia.

Nisiseme uongo, mwanzo haukuwa mzuri. Mtoto alikataa chakula cha mchana, na usiku macho yalikataa kufumbika. Akakonda. Nilirudi kwa daktari nikiwa nimejaa hasira, nikamwambia nimempa mtoto mwenye kiatu kimoja, yeye amenirudishia mtoto mwenye viatu viwili na mashavu hana. Hakununa. Alimpima uzito, akasikiliza moyo, akapunguza dozi, akaniambia nimpe uji mzito kabla ya kidonge na nisimlazimishe mchana, jioni njaa itarudi. Ilirudi.

Asubuhi moja niliona amekawia bafuni. Nikaenda na kimbelembele changu, nikasukuma mlango. Alikuwa anajimwagia maji kopo kwa kopo, povu lote limekwisha mwilini, na ameanza kusuuza sabuni yenyewe. "Mama, nipo uchi," akanigombeza. Nikafunga mlango, nikageuza ndoo, nikaikalia, nikalia.

Habari ikatembea. Mwalimu wake, mwanamke mwenye darasa lililojaa mpaka dirishani, aliniita pembeni. "Mama, ametulia kweli. Anamaliza hata kunakili ubaoni." Akatazama darasa lake, akashusha sauti. "Hivi hiyo dawa haipatikani ya jumla?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo kikuu cha Mzumbe, ambaye hakuwahi kuja hospitali, akapiga simu. "Mamdogo, shikamoo. Dogo anaendeleaje? Aisee, nasikia kapewa kitu cha hatari. Hakijabaki hata kidogo? Huku mitihani inabana kinoma." Wiki ileile mama wa mtaa wa pili, ambaye bintiye alikuwa kidato cha nne, alikuja kunisalimia na jogoo kwapani. Nilimrudisha yeye na jogoo wake, ingawa jogoo alinitia majaribuni. Hawa ndio walewale walionipa pole kwa kumlevya mwanangu. Kwa mtoto wangu ilikuwa dawa ya kulevya, kwa watoto wao ikawa dawa ya akili.

Likizo ikafika, nikampeleka kwa mama yangu milimani, Mgeta, ambako watoto wa kaka zangu hujaa nyumba nzima. Nilimwachia mama pakiti ya dawa nikamfundisha: kimoja, asubuhi, baada ya uji, basi. Alinisikiliza kwa makini, akafunga pakiti kwenye pindo la khanga. Baada ya siku kadhaa nikapiga simu.

"Dawa anakunywa, mama?"

"Wanakunywa vizuri tu. Wote."

"Wote nani?"

"Watoto. Sasa nimpe mmoja wenzie wanatazama? Mie nilikulea hivyo?"

Nilikaa kitako. Mama yangu amelea nyumba ambayo yai moja lilikatwa vipande kwa uzi ili kila mtoto apate cha kumeza. Kwake hakuna dhambi kubwa kuliko mtoto mmoja kutafuna na mwenzake kukodoa. Alikuwa anakikata kile kidonge kila asubuhi kwa kisu cha kumenyea viazi, anagawa, na mdogo wao kabisa, ambaye kipande hakikumfikia, alilambishwa unga uliobaki kwenye kisu.

"Mama, ile ni dawa, si ndizi!"

"Na ndizi nilikugawia," alinijibu, sauti imemchomoka kwa uchungu. "Na hukufa."

Nilimpigia daktari. Akaongea kwa ukali ambao sikujua anao. Wale wengine wasiguse tena, hata unga, na tukiona mtoto moyo unamwenda mbio au anaumwa kichwa, apelekwe zahanati mara moja. Namshukuru Mungu hakuna aliyepata neno. Binti yangu, aliyeishi kwa chembe wiki nzima, nilipopanda Mgeta kumfuata nilimkuta amesimama chini ya mgomba na kiatu kimoja, sabuni imekaukia shingoni, ananiamkia shikamoo kwa mara ya pili. Basi hapo ndipo nilipoamini kwamba dawa inafanya kazi. Mama yangu alikuwa amefanya utafiti bila kujua, na kisu chake cha viazi kilimjibu kaka yangu kuliko maneno yangu yote. Kaka aliposimuliwa alisema yeye alikuwa na imani na dawa ile tangu mwanzo.

Kliniki iliyofuata nilijigamba. Nilitaja viatu, nikataja kuoga, nikataja daftari la shule. Daktari alifurahi. Kisha akauliza, "Na mambo madogo ya kila siku? Akitumwa je?"

"Hatumwi."

"Hawezi, au hatumwi?"

Nilimkasirikia njia nzima mpaka stendi ya Msamvu, na kutoka Msamvu mpaka nyumbani. Kidonge kilikuwa kimempa mtoto uwezo wa kushika jambo mpaka mwisho. Lakini hakuna aliyekuwa anampa jambo.

Nikaanza kampeni. Sijui kama kuna mama mwingine aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba akiomba watu wamtumikishe mwanawe. "Mtumeni," nilisema. "Hata karibu. Hata kiberiti." Waliniangalia kwa huruma iliyonipandisha presha. "Jamani, mwache apumzike." Apumzike na nini, hakuna aliyejua. Mwenye genge aliahidi kumtuma, na binti yangu alipokwenda pale akampa chungwa bure na kumwambia arudi kwa mama. Nilijaribu kumtuma mimi, akaenda akarudi salama, lakini hakufurahi. Kutumwa na mama yako si kitu. Kila mtu anajua mama hana budi.

Jioni moja nilikuwa natia uzi kwenye cherehani, yeye amesimama pale pale getini. Mtoto wa nyumba ya mbele alipita mbio na fungu la mchicha la watu.

"Mama."

"Nini?"

"Bado wananikasirikia yale mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Niliyomwaga. Siku ile ya pikipiki. Ndiyo maana hawanitumi?"

Sindano ilinichoma kidole, sikuisikia. Zaidi ya mwaka mzima mtoto wangu alikuwa amesimama getini akidhani anatumikia adhabu.

Nilikwenda ukuta wa pili bila kuvaa ndala. Jirani alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia yote, palepale, nimesimama. Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimkasirikie yeye?" Akajifunika uso kwa khanga. "Dada, huu mdomo ndio uliomwita siku ile. Sitaki uite tena mtoto wa mtu."

Kama ningekuwa mtu mwema ningekaa tukalia pamoja. Lakini hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani, na sijui nilikuwa nimemkasirikia nani.

"Usiniite dada," nikamwambia. "Mimi ni Mluguru, mguu mmoja mfupi. Mwaka mzima unaniheshimu. Nimechoka kuheshimiwa! Na mtoto wangu naye amechoka kuitwa malaika."

Nikageuka, nikaondoka, nikakanyaga mwiba wa mlimao nikitoka. Nilistahili.

Siku mbili tatu zilipita kimya. Jumamosi asubuhi, binti yangu amekunywa uji na kidonge chake, amevaa viatu vyote viwili, anafagia uwanja. Mimi nipo barazani na sketi za shule za watu. Sauti ikatoka juu ya ukuta, imekwaruza kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

"We mtoto wa Mluguru! Hebu njoo!"

Ufagio ulianguka. "Abee!"

Niliwasikia ng'ambo ya ukuta. "Shika chupa hii. Kaniletee mafuta ya kula, ya kupima, ijae. Nimekutuma nini?"

"Mafuta ya kupima, ijae."

"Barabarani unafanyaje?"

"Naangalia huku, naangalia huku. Pikipiki ikija nasubiri ipite."

Duka lilikuwa lilelile, ng'ambo ya barabara ileile. Jirani alitoka nyuma yake akaja mpaka barazani kwangu, akasimama kando ya cherehani na kunishika bega. Mimi niliendelea kukanyaga pedeli na uzi umeshakatika.

Mtoto alifika kando ya lami akasimama. Pikipiki ikapita. Nyingine ikapita. Ya tatu ikafanya muujiza: dereva alipunguza mwendo, akampungia mkono avuke. Akakataa. Dereva akapunga tena, na binti yangu akampungia yeye aende zake. Dereva alipotoweka kabisa ndipo mtoto akavuka, akaingia dukani.

Akakawia. Mtu na mkewe waliingia wakatoka. Jirani akaanza kutembea, nikamkamata khanga. "Usiende," nilisema. "Ukimfuata umemrudisha getini." Akarudi kusimama, midomo inamcheza, akisoma dua au akinitukana, sikujua.

Alitoka. Alisimama kando ya barabara muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Akavuka. Alikuja anatembea taratibu, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili, imejaa, kidole gumba amekichomeka kwenye mdomo wa chupa na mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni. Kifuniko alikuwa amekisahau dukani.

Jirani akaipokea. Akaitazama chupa, akamtazama mtoto. Niliona machozi yanamjaa, nikaona neno "malaika" linapanda kooni, nikamkazia macho. Akalimeza.

"Kifuniko kiko wapi?" akafoka, mtaa mzima ukasikia. "Nimekutuma dukani au nimekutuma Gairo? Nyie Waluguru, mtu akikaa kuwasubiri si atakufa njaa! Haya, rudi sasa hivi ukalete kifuniko changu!"

Binti yangu alimtazama, kinywa wazi. Kisha akabetua midomo kama ambavyo hakuwahi kuibetua tangu siku ile ya pikipiki.

"Mimi tena!" alisema. "Kila saa mimi! Kwani watoto wengine hawapo?"

Akaondoka akiburuza viatu vyake vyote viwili, ananung'unika mpaka getini. Jirani alikaa chini kwenye saruji, chupa mapajani, analia waziwazi.

"Mtoto wako hana adabu," aliniambia. "Ananuna kama watoto wote."

"Hebu sema tena," nikamwambia, nikiwa natazama barabara.